Mkono Begani

ALHAMISI, SAA NNE ASUBUHI. KIBOKONI.

Kiti, mkuu wa kundi, alichora mtaa wa Biashara kwa chaki, juu ya sinia ya kahawa, katika chumba cha nyuma.

"Hapa duka la sonara. Kesho saa saba kasoro, watu wako kwenye sala ya Ijumaa. Mimi naingia. Shukri yuko orofani mkabala, na bombomu lake, bunduki ya kumimina risasi. Askari wakija, awazuie dakika sita."

"Kisha?" Dama aliuliza. Alikuwa akiufunga mkanda wa risasi ndani ya kanga, pindo kwa pindo, kama anayekunja nguo za arusi.

"Kisha naondoka na tuktuk."

"Nauliza mume wangu."

Kiti akacheka. "Shemeji, si ana miguu?"

Shukri, mumewe, aliitazama ile chaki. Alipofukuzwa jeshini, Kiti ndiye aliyemwokota, akamlisha, akamtolea mahari ya huyu Dama. Mtu kama huyo humwambii la.

SAA NANE MCHANA. TIMBO LA MAWE, BARA.

Mwezi mzima hapa ndipo palipokuwa uwanja wao wa shabaha. Shukri kifudifudi nyuma ya bombomu. Dama ubavuni, ameukinga mkanda kwa viganja viwili usijipinde.

"Ukinigonga bega mara moja?" Shukri aliuliza.

"Mkanda waisha, mwingine tayari. Waendelea."

"Mara mbili?"

"Wasimama. Wafungua kifuniko, watoa mkanda, wainua mikono."

"Hata kama sijui sababu. Miaka minane jeshini, Dama. Mikono hutii kabla ya kichwa."

Akabadilisha mkanda. Kifuniko juu. Mkanda ndani. Kifuniko chini, kofi moja. Mafuta yalinuka kama ya cherehani. Dama akampangusa masizi shavuni kwa ncha ya leso.

"Tuwache haya. Twende kwa mama, Kaloleni."

"Nimempa Kiti neno langu."

SAA KUMI NA MOJA JIONI.

Dama alimpigia simu inspekta mmoja. "Nitawapa bombomu halijalia. Nanyi nipeni mume wangu, hai."

"Aonyeshe mikono dirishani. Hatutampiga."

IJUMAA, SAA SABA KASORO DAKIKA TANO.

Maduka yamefungwa. Hutuba yasikika toka msikitini. Kiti alitoka kwa sonara na mkoba, mbio. Gari la askari likakata kona kutoka Makadara.

"Piga, Shukri! Piga!"

Orofani mkabala, kidole cha Shukri kiliingia mahali pake. Dama akamgonga bega. Mara mbili.

Mikono ikatii. Kifuniko juu. Mkanda nje. Mikono hewani, dirishani, vidole vyote kumi wazi.

Inspekta aliiona, akashusha bunduki yake, kama alivyoahidi.

Kiti naye aliiona.

"Waniuza wewe? Wewe?"

Akaielekeza bastola dirishani, akafyatua. Risasi moja tu. Askari wakamwangusha papo hapo, wakamtia pingu.

Orofani, Shukri alilala juu ya kanga zile. Damu ilipita kwenye maua ya pindo, ikafika kwenye maandishi.

"Dama. Umenisimamisha... mkanda ulikuwa umekwisha?"

Mkanda ulikuwa mapajani mwa Dama, mzito, unang'aa. Haikupungua hata risasi moja.

"Umekwisha, baba."

"Wajua kazi, bibi." Shukri akautazama mkanda, akatabasamu. Hakusema tena.

Viatu vya askari vilipanda ngazi. Dama hakugeuka. Akamgonga bega mara moja, ile ya kuendelea.

Akangoja.