Mgeni Asiyeulizwa Atokako

Asubuhi ile, katika ukumbi wa mikutano wa wizara ya mambo ya nje, kiti kimoja kilikuwa cha moto. Viyoyozi vilivuma tangu alfajiri na meza ilikuwa baridi kama jiwe, lakini kiti kile cha kulia kwa waziri kilifuka joto, tena kilinuka nywele zilizoungua. Mhudumu alikigusa, akaurudisha mkono haraka. Mkuu wa itifaki akamwambia akifunike kwa kitambaa.

Wizara ile ilijaa mabingwa wa kufunika.

Tuelewe kwanza ilivyokuwa. Kazi ya mkuu wa itifaki ni kupokea wageni wa serikali: nani akae wapi, nani asalimiwe kwanza, bendera ipi isimame upande gani. Huyu wenzake walimwita Zulia, kwa kuwa alijitandika mbele ya kila kiatu kilichong'aa. Jana yake, mabalozi walipoalikwa chai ya mchana, aliingia mtu mrefu mwenye suti nyeupe, bila gari, bila msaidizi. Zulia hakumfahamu. Swali lilikuwa jepesi, hata mtoto wa chekechea hulijua: "Mwenzetu, unatoka wapi?" Lakini pale wizarani kuuliza ni kukiri hujui, na afadhali nyumba iungue kuliko mkubwa akiri hajui. Zulia akainama, akamkaribisha, akamketisha kulia kwa waziri, kisha akamwita mkalimani.

Mkalimani alikuwa mwanamke mwenye sauti nzuri, na sauti hiyo ndiyo iliyomlisha yeye, mama yake mzazi na binti yake mdogo. Aliketi nyuma ya mgeni, akasubiri. Mgeni akafungua kinywa, lisitoke neno. Maneno yakatoka kinywani mwa mkalimani, mazito, kwa sauti ya kiume: "Nimefurahi kupokelewa. Nitakaa."

Waziri akapiga makofi, na wote wakafuata. Walipomaliza, mgeni hakuwepo, na mlango haukuwa umefunguliwa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuliona jambo hilo.

Jioni, mkalimani alipomwita binti yake aje kula, mtoto alikimbilia kwa bibi yake.

"Bibi, mama ana mtu kooni."

"Nyamaza, mjukuu wangu," bibi alimnong'oneza, lakini naye alikuwa amesikia: nyuma ya kila neno la mwanawe kulikuwa na neno jingine likinyata, na kila mara lile la nyuma lilikuwa limesogea karibu zaidi.

Basi asubuhi ile ya kiti cha moto, mkalimani alimfuata Zulia ukumbini.

"Bosi, nisaidie. Aliyeko kwenye kile kiti yumo pia ndani yangu."

"Shusha sauti, mama."

"Nishushe ipi? Imebaki hii ya kunong'ona tu."

Zulia akampigia simu waziri. Waziri akafikiri, kisha akauliza swali lake pekee: "Na je, tukimfukuza, halafu ikawa ana nchi?"

Bibi hakungoja majibu ya wizara. Alikuja na mganga, mama mfupi asiye na subira, akiwa na chetezo cha ubani mkononi.

"Nani alimkaribisha?" mganga aliuliza.

"Wizara," alisema Zulia.

"Wizara haina mdomo. Nani?"

Zulia akatazama viatu vyake.

"Aha. Basi jini aliyekaribishwa hatoki kwa ubani wangu peke yake. Aliyemkaribisha amwambie atoke. Na iwe sasa hivi. Akishika koo la mwanangu huyu mara ya pili, sauti haitamrudia tena."

Zulia alikisogelea kiti, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, kwa heshima kubwa, tungeomba uangalie uwezekano wa..."

Kicheko cha kiume kikamtoka mkalimani, machozi yakimtiririka.

"Mbuzi akiingia jikoni kwako humwita Mheshimiwa?" mganga alifoka. "Mwambie toka!"

Zulia alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta wa kumwachia kazi, na hatimaye, kwa sauti ndogo ya panya, akasema, "Toka."

Kitambaa kikaanguka kutoka kitini, bendera ndogo za mezani zikalala moja baada ya nyingine kana kwamba mtu mrefu anapita akizigusa, harufu ya nywele ikapita puani mwao, ikaelekea mlangoni polepole, polepole mno, na mlango ukafunguka wenyewe huku mkalimani akikohoa, akishika koo, mpaka sauti yake nzuri ikamtoka kamili, "Mama!", na bibi akamkumbatia akilia.

Ilibaki hatua ya kizingiti tu. Lakini Zulia alikuwa amewasindikiza wageni kwenye mlango ule maisha yake yote ya kazi. Mgongo ukajikunja wenyewe. Mkono ukaja kifuani. Tabasamu likachanua.

"Karibu tena, Mheshimiwa."

Chetezo kikamponyoka mganga. Mlangoni, harufu ikasimama.

Mkalimani alimtazama mama yake kwa macho ya mtu anayezama, akafungua kinywa kupiga yowe, na kinywa kile kikasema kwa utulivu, kwa sauti nzito ya kiume:

"Asante. Nimeshakaribia."