Jiko Chumbani kwa Mzazi

Mwezi wa Julai, huku mlimani juu ya Himo, ukungu unashuka mpaka kwenye migomba. Mtu akiongea asubuhi anatoa mvuke kama sufuria.

Digna alikuwa amejifungua juzijuzi. Alilala na mtoto wake, Brenda, kwenye chumba kidogo cha nyuma. Mama mkwe wake, Mama Athanas, akaingiza jiko la mkaa. Alikuwa ameliwasha nje, akangoja mpaka moshi wote ukaisha na mkaa ukawa mwekundu.

"Mama, tufungue dirisha kidogo," Digna alisema.

"Ufungue, upepo ukupate? Mzazi ni wa joto. Sisi tulilelewa hivihivi, na tupo." Akaziba dirisha kwa gunia. "Kunywa mtori wako wa ndizi. Naenda kukata majani ya ng'ombe."

Akatoka, akasokomeza kanga chini ya mlango kwa nje.

Digna hakubisha. Tangu afiwe na Primus hakuwa na nguvu ya kubisha. Primus alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alifia chumba hichohicho, Julai kama hii, bila homa, bila kikohozi. Alilazwa mzima, akakutwa amepoa. Ukoo ukatafuta mchawi, ukampata jirani: Justina, mwanamke asiye na mtoto, ambaye jana yake alikuja kumpakata. Tangu hapo walimpita njiani bila salamu. Digna naye alimpita.

Kichwa kikaanza kumgonga. Akadhani ni uchovu wa uzazi. Akataka kumnyonyesha Brenda, lakini mtoto hakushika ziwa. Alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa. Digna akasimama aite watu. Miguu ikamkataa. Akaanguka yeye na bakuli la mtori.

Justina alikuwa upande wa pili wa ua wa mimea ya masale, akichuma maharage. Alisikia kishindo. Akaita. Kimya. Akavuka ua aliokatazwa kuuvuka.

Mama Athanas aliporudi na mzigo wa majani kichwani, alimkuta Justina uani amempakata Brenda. Digna alikuwa kwenye nyasi, anatapika.

"Umekuja ummalize na huyu?"

"Utanitukana tukiwa kwenye bodaboda," Justina alijibu. "Mtoto anakwenda hospitali sasa hivi."

Hospitali, muuguzi Rahma akawawekea mama na mtoto oksijeni usoni.

"Jiko lilikuwa ndani?" aliuliza.

"Lilikuwa halina moshi hata kidogo," Mama Athanas alisema.

"Ndilo hilo linaloua, mama. Mkaa mwekundu unatoa hewa isiyo na rangi wala harufu. Inaitwa kaboni monoksaidi. Sikiliza. Damu ina viti. Oksijeni, ile hewa nzuri, inakaa kwenye viti, inabebwa mwilini, inashuka. Hewa ya mkaa inavitaka viti hivyohivyo. Muda wote mmoja anakaa, mwingine anainuka. Mlipoziba dirisha, hewa ya mkaa ikazidi kujaa. Nayo ni king'ang'anizi. Hata ikiwa kidogo, inanyakua viti vingi."

"Kwa hiyo damu ya mtoto imeharibika?" Digna aliuliza.

"Hapana, dada. Viti ni vilevile, na kukaa na kuinuka hakujakoma. Ndiyo maana tunampa oksijeni nyingi. Kiti kikiachwa wazi, oksijeni inawahi. Hewa ya mkaa inatoka kwa pumzi, na hapa haipo nyingine ya kuingia. Mizani inahamia upande wetu. Hewa iliyo nyingi zaidi ndiyo inayoihamisha. Kumtoa mtu nje kwenye hewa safi kunaanza kazi hiyo. Hospitali tunaiharakisha. Nani aliwatoa?"



"Justina," Digna alisema.

Baadaye Brenda akalia. Sauti nyembamba, yenye hasira. Digna naye akalia. Kisha akauliza, "Na Primus je?"

"Huyo sikumwona," Rahma alisema. "Siwezi kuapa. Jiko lilikuwepo?"

Mama Athanas akaangalia mikono yake. "Kanga niliyozibia mlango siku ile," alisema, "ndiyo tuliyomfunikia."

Siku hizi jiko halivuki kizingiti cha nyumba ile. Dirisha liko wazi hata kwenye baridi, na mtoto anapashwa joto kwa kofia, soksi na blanketi. Brenda amenenepa.

Ilimchukua Mama Athanas miezi kupata ujasiri. Siku moja akakata jani la isale kwenye ule ua wa masale, akalipeleka kwa Justina, Digna akimfuata na Brenda. Uchaggani ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe.

"Nimepokea," Justina alisema. "Jani halikataliwi. Lakini Primus nilimpenda. Mlivyomzika, nilisikia nyimbo nikiwa humu ndani, peke yangu."

Digna akamweka Brenda mapajani mwa Justina. Mtoto akavuta hereni yake, akacheka.

Wakubwa hawakucheka.