Nyumba ya Viziwi

Alasiri ile mjukuu alimsikia bibi yake akimwita kutoka stoo, ilhali bibi mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake, shavu limejaa mkate.

Mjukuu huyo, dereva wa lori mwenye kitambi kinachomtangulia kila aendako, alikuwa amepita kuwasalimu wazee. Wote wawili walimaliza ujana wao katika kiwanda cha nguo, na mashine ziliyala masikio yao. Siku hizi walizungumza kwa kutazamana midomo. Wakigombana, waligeuziana migongo, kesi imekwisha.

"Mume wangu mdogo, njoo unishikie," sauti ikasema tena.

Mdomo huponza kichwa, na wake ulikuwa na haraka. "Nakuja, bibi."

Babu aliyaona maneno yale midomoni mwake. Kikombe kikamponyoka.

"Umemjibu nani?"

"Si sauti ya bibi inaniita stoo."

"Ole wetu," babu akanong'ona. "Waliotutangulia humu walimjibu huyo wa stoo, wakazikwa. Sisi tunaona mlango ukitikisika tu. Hana nguvu kwa mtu asiyemsikia."

Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumba. Mlango wa stoo ukang'oka, ukampitia bibi usoni, na kitu kisichoonekana kikamdaka dereva kifundo cha mguu, kikamburuta sakafuni, kikampigiza ukuta huu na ukuta ule kama nguo juu ya jiwe la kufulia, meno yakamwagika, mkono ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu, na muda wote huo sauti ya bibi ikimbembeleza sikioni, njoo mume wangu, njoo, kila neno likizidi kumkaba koo.

Babu akamkalia kifuani. Bibi akatambaa na damu yake, mkononi ana sindano ya kushonea magunia.

"Bibi, hapana."

"Kiziwi huoa, maiti haoi," bibi akasema, machozi yakimdondoka. "Vumilia, mume wangu."

Sindano ikazama katika sikio la kulia. Akapiga yowe, akalisikia nusu. Ikazama la kushoto, na yowe lile hakulisikia kabisa.

Koo likaachiwa. Harufu ikatoweka.

Bibi akamkumbatia. Midomo yake ilisema: kimekwenda. Babu alikuwa analia, bila shaka kwa sauti kubwa. Dereva hakusikia kilio, wala magari barabarani, wala pumzi zake mwenyewe.

Ndani ya kimya hicho, kichwani mwake, mtu akakohoa kidogo.

"Afadhali," ikasema sauti ya bibi. "Makelele yalizidi. Sasa tumebaki wawili."