Boksi Lenye Picha ya Majani

Jumatano, saa mbili asubuhi, mvua ya baridi ilikuwa ikinyesha. Bibi Qiuju alikuwa amepika uji wa mchele, lakini mjukuu wake Doudou, wa miaka mitatu, hakuamka kuunywa. Wazazi wake walifanya kazi kiwandani, mbali kusini. Mtoto alikuwa amana mikononi mwa bibi.

"Doudou! Amka, mvivu wewe!"

Mtoto alifumbua macho, akayafumba tena. Kichwa kikamlegea.

Miao, jirani aliyestaafu kazi ya duka la dawa, aliingia kurudisha sufuria. Akamtazama mtoto.

"Umempa nini?"

"Dawa ya maji ya kikohozi, na huu unga wa mitishamba. Tangu jana, kila moja mara nne. Ya kizungu na ya kwetu, zisaidiane."

"Zote mbili?"

"Usinitolee macho, Dada Miao. Haya ni majani tu! Majani yamemuua nani?"

Miao alivaa miwani, akageuza boksi la ule unga. Nyuma ya picha ya majani palikuwa na maandishi madogo.

"Sikiliza. Parasetamoli: hushusha homa. Klorofenamini: hukausha kamasi, tena huleta usingizi. Haya, soma chupa."

Qiuju alifuata maandishi ya chupa kwa kidole. Parasetamoli. Klorofenamini.

"Kumbe majani yana dawa ya kizungu ndani?"

"Huchanganywa kiwandani. Umempa dawa ileile maradufu. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, nayo haibishi hodi. Leo mtoto huonekana mzima, keshokutwa yuko mahututi. Twende hospitali."

"Tungoje kidogo aamke? Mwanangu akisikia..."

"Asipoamka utamwambia nini?"

Qiuju alikuwa tayari akimfunga mtoto mgongoni.

Hospitalini daktari alihesabu dozi, akapima damu. Qiuju alisubiri majibu saa mbili nzima, kiganja chake kifuani pa mtoto, akihesabu pumzi.

"Ini ni salama," daktari alisema hatimaye. "Mngeendelea siku mbili zaidi, nisingesema hivyo."

Alasiri Doudou alifumbua macho. "Bibi, uji uko wapi?"

Doudou alimaliza bakuli mbili. Miao aliandika viambato vya kila dawa juu ya boksi lake, kwa herufi kubwa. Qiuju alimpigia mwanawe simu, akamsimulia yote bila kuficha. Mwanawe akatafuta kalamu na kuomba atajiwe yale majina mawili, polepole.