Watu Tisa Chini ya Sakafu

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni, fundi wa kompyuta alipanda ngazi za ofisi ya msanifu majengo huku amefura. Kutwa nzima simu yake haikupumua. Simu kumi na moja, utadhani kuna mtu anajifungua! Kumbe ni mashine tu. Mchoro wa shule mpya ulitakiwa kuchapwa kesho asubuhi, na kesho kutwa mafundi waanze kuchimba msingi.

"Inakula memori," msanifu akasema, hata salamu hakutoa. "Nikifungua mchoro, inaganda. Wenzako wawili wameshindwa."

"Na wewe pia habari za jioni," fundi akajibu, akavuta kiti.

Wenzake walikuwa wamefanya kila linalojulikana. Wamepuliza vumbi, wameongeza memori mara mbili. Hata hivyo shule ya ghorofa moja, ukumbi chini na madarasa juu, ilikuwa inameza gigabaiti thelathini na bado inataka. Fundi akafuta picha nzito. Memori ikashuka. Akafuta fanicha zisizotumika. Ikashuka tena.

Kisha ikaanza kupanda. Yenyewe. Hakuna aliyegusa kitu.

Feni ikavuma kwa nguvu, na upepo wake ukatoka na harufu... harufu ya saruji mbichi.

"Mchoro huu uliuanza upya?" fundi akauliza.

"Nani ana muda wa kuanza upya? Nilinakili wa zamani, nikafuta nisichokitaka."

Ndivyo ofisi nyingi zinavyofanya, na fundi alishazoea kukuta takataka za kazi ya zamani ndani ya kazi mpya. Akatafuta jina la faili la kwanza.

Ghorofa la Maduka.

Akalisoma tena. Kaka yake alikuwa msimamizi wa mafundi wa ghorofa hilo. Liliporomoka mchana kweupe, likamfunika yeye na wenzake wanane. Redio ikatangaza kwamba mafundi waliiba saruji. Tangu siku hiyo, mwaka mzima, mama yao hajatia mguu sokoni kwa maneno ya watu. Na ofisi iliyochora haikutajwa hata mara moja. Kumbe ni hii! Kumbe ni huyu, anayekunywa chai nyuma ya kiti chake!

Alitamani kuinua ile mashine na kumpiga nayo. Badala yake akafungua orodha ya matabaka ya mchoro, maana kwenye programu hizo kuta huwa na tabaka lake, nyaya lake, na kila moja huwashwa na kuzimwa. Mawili yalikuwa yamezimwa. Moja liliitwa Nguzo. La pili halikuwa na jina.

Akaliwasha lisilo na jina. Kwa kipanya akashuka ndani ya mchoro, chini ya sakafu ya madarasa.

Wasanifu hupachika vijitu kwenye michoro ili ukubwa wa jengo uonekane. Huwa ni vivuli tu, havina sura. Hawa walikuwa na kucha. Walikuwa na vumbi kwenye kope. Wanaume tisa, wameinama kidogo, mikono juu, wamelishikilia zege lisianguke.

Wa tatu alikuwa na kovu kwenye nyusi. Kovu hilo alilipata utotoni, fundi mwenyewe, dada yake, alipomsukuma akaanguka kutoka kitandani.

Kaka.

Nyuma yao wakaanza kutokea wengine, wadogo. Mmoja... wawili... Walivaa sare za shule. Kila aliyetokea, memori ilipanda.

"Futa," msanifu akanong'ona, sikioni kabisa.

Fundi hakusogea. Msanifu akampokonya kipanya, akafuta mtoto mmoja. Wakaja wanne.

"Nguzo za ukumbi nani alizizima?" fundi akauliza.

"Mteja wa maduka alitaka ukumbi wazi. Mhandisi aliziweka, lakini..."

"Na ukakaa kimya watu wakiitwa wezi!" Fundi akamgeukia. "Huyu wa tatu ni kaka yangu. Washa nguzo. Kwa mkono wako mwenyewe!"

Msanifu akabonyeza. Nguzo nne zikasimama katikati ya ukumbi. Watoto wakaanza kutoweka mmoja mmoja, na memori ikashuka. Ishirini. Kumi na tano. Nane.

Wanaume tisa hawakuondoka.

"Na hawa?" msanifu akauliza.

"Hawa una nguzo gani ya kuwarudishia?"

Fundi akanakili faili zima kwenye flashi yake, pamoja na tarehe ya siku nguzo zilipozimwa. Kesho litakuwa mezani kwa mhandisi wa mji, na mama atasikia redio ikisema mengine. Fundi alikuwa analia na hakujali kuonekana.

Alipoinua macho, picha kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa imebadilika. Zege sasa lilikaa juu ya nguzo. Wale tisa walikuwa wanashusha mikono polepole, wakikunjua vidole kama mtu anavyofanya akitua mzigo.

Mikono kumi na minane. Yote haina kazi.

Kisha wakageuza nyuso, wote kwa pamoja, wakamtazama msanifu.

"Dada," msanifu akamnong'oneza fundi, "nakuomba... usiniache nao."

Fundi akabeba mkoba wake.

"Mashine yako sasa ni nzima," akasema, akaufunga mlango nyuma yake.