Mkebe wa Jumamosi

Nyumbani kwa Namunyak chai haiishi. Ukipita ile barabara ya vumbi nyuma ya soko la Kitengela, utaona mlango wake uko wazi. Utamsalimia kwa Kimaasai, "Sopa", naye atajibu "Ipa", na kabla hujakaa vizuri sufuria iko motoni. Kama alikuwa anashona, ataichomeka sindano kwenye pazia. Hilo pazia limetobolewa mpaka unaweza kuchujia chai.

Namunyak ni fundi wa shanga. Sisi tunamwita Mama Lemein, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mume wake, Kisemei, anakata mawe kwenye machimbo. Koko, mama yake Kisemei, anaishi nao. Mimi ni Naipanoi, binamu ya Kisemei. Ninafundisha watu wazima kusoma, na watu husema nina mdomo. Ni kweli, niko nao. Lakini hadithi hii ni ya shukrani, kwa hivyo mnivumilie hapa mwanzo.

Nilipoolewa, Mama Lemein ndiye alipewa kazi ya kutengeneza ushanga wangu wa harusi, ule mpana wa shingoni. Aliniahidi utakuwa tayari mapema. Kila nikiuliza aliniambia, "Usijali, dadangu, umebakia kidogo tu." Asubuhi ya harusi nilienda kuuchukua. Ulikuwa nusu. Upande mmoja ulikuwa mwekundu na mweupe, umejaa vizuri kabisa. Upande mwingine ulikuwa waya mtupu.

Nilivaa ushanga wa kuazima kwa shangazi yangu. Shangazi ni mtu mwenye mwili, mimi ni mwembamba. Ushanga uliteleza siku nzima nikiushika kwa mkono, na kwenye picha zote ninaonekana kama mtu anayeumwa na shingo. Sasa ninacheka. Siku hiyo nililia mpaka macho yakavimba.

Habari hiyo ilitembea. Wateja wa Mama Lemein wakaanza kwenda Kiserian kutafuta mafundi wengine. Hakuna aliyesema kazi yake ni mbaya. Walisema tu, "Yeye ni mzuri, lakini humalizi naye."

Miaka ikapita. Mwaka jana mdogo wangu Resian akapata mchumba, na harusi ikapangwa mwezi wa Desemba. Mama yetu akasema ushanga utatengenezwa na Mama Lemein. Nilikataa. Nilikataa mbele ya Mama Lemein mwenyewe, nikiwa nimekaa kwake na mama yetu, nikinywa chai yake.

"Mama, mtoto wako mmoja alivaa vya kuazima," nilimwambia mama yetu. "Unataka wawili?"

Mama Lemein hakukasirika. Aliweka kikombe chini.

"Naipanoi, uko na haki," alisema. "Lakini nipeni hii moja tu. Kila siku ninaamka mapema, ninalala nikiwa nimechoka, na kazi haiishi. Hata mimi sijui nina shida gani. Huu wa Resian ukinishinda, nitagawa shanga zangu zote na niache hii kazi."

Nilimwangalia mikono. Yule mama alijifunza shanga akiwa mtoto, magotini pa mama yake, na hakuna kazi nyingine anayoipenda. Nikakubali, na kwangu mimi kukubali ni kazi kubwa.

Sasa, kwenye ploti ya kina Mama Lemein kuna jirani anaitwa Mbeke. Mbeke ni msimamizi kwenye shamba moja la maua huko Isinya. Siku hiyo alikuwa off, na alikuwa anaanika nguo karibu na dirisha. Alisikia yote. Akaingia na beseni lake.

"Mama Lemein, pole, nimesikia," alisema. "Hebu niambie, jana ulifanya nini kuanzia asubuhi?"

"Nilishona shanga."

"Kabla ya kushona?"

Mama Lemein akafikiria. "Watoto walienda shule. Nikafua. Nikapigiwa simu na dadangu, tukaongea. Akaja Mama Roy, nikampikia chai. Akaja mzee wa kanisa, nikapika ingine. Nikaenda sokoni mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilisahau uzi. Nikapika chakula. Watoto wakarudi."

"Na shanga?"

"Baada ya wao kulala. Lakini macho yalikuwa yamechoka. Nilikosea rangi, nikafumua."

Mbeke akakaa. "Wewe si mvivu," alisema. "Siku yako nzima umeipatia watu wengine. Kazi yako umeibakishia usingizi."

Sikupenda vile Mama Lemein aliinamisha kichwa. Lakini Mbeke hakuwa anamgombeza. Aliongea vile mtu anaongea na dada yake.

"Kule kwetu tunakata waridi asubuhi, kabla jua halijawa kali," alisema. "Ukikata mchana, linanyauka. Hata kazi yako iko na saa yake. Macho yako yanaona vizuri zaidi saa gani?"

"Asubuhi. Watoto wakishaenda shule, nyumba ikiwa kimya."

"Na asubuhi unafua."

"Ndiyo."

"Kwani kufua nguo kunataka macho makali?"

Koko, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mlangoni, alicheka kwanza. Sisi tukafuata.

Mbeke akaendelea. "Basi panga hivi. Asubuhi ni ya shanga, mpaka jua lifike juu. Kufua, sokoni, simu, hiyo yote ni ya mchana. Anza saa ile ile kila siku, hata kama hujisikii kushona. Ukizoea, mikono itaanza yenyewe. Na usiseme utatengeneza ushanga mzima. Ushanga mzima unaogopesha mtu. Gawanya. Uko na mikebe mitupu hapa?"

Mikebe ya mafuta ya kupikia haikosi katika nyumba yoyote. Ilipatikana sita. Mbeke akaipanga kwenye dirisha, kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Akamwambia Mama Lemein apime shanga za kazi ya siku moja, aweke kwenye mkebe wa kwanza. Uzi wake, sindano yake na waya wake viingie hapo hapo, ili asubuhi asianze kutafuta kitu. Kisha mkebe wa pili vivyo hivyo, mpaka wa tano.

"Mkebe ukiisha, umemaliza kazi ya siku," Mbeke alisema. "Pumzika bila kujilaumu. Usipoisha, utaona kwa macho kwamba umebaki nyuma, na hutajidanganya kwamba umebakia kidogo tu."

Hapo nilikohoa. Mama Lemein akanitupia jicho.

"Na huu wa Jumamosi?" aliuliza. "Mbona hujaweka kitu?"

"Huo unabaki mtupu. Wiki haikosi shida. Mtoto ataugua, stima itapotea, utaitwa mahali. Kazi iliyokosa siku yake itaingia hapo. Watu wengi wakipanga wiki, wanaijaza mpaka juu, halafu jambo dogo likitokea kila kitu kinamwagika."

Jumatatu ikaanza vizuri. Jumanne pia. Jumatano asubuhi akafika binamu kutoka mjini Kajiado. Sindano ikarudi kwenye pazia, sufuria ikapanda motoni, na mazungumzo yakaenda mpaka watoto wakarudi. Alhamisi Mama Lemein hakugusa mkebe wowote. Jioni Mbeke na mimi tulimkuta amekaa tu, anaiangalia ile mikebe.

"Nimeharibu," alisema. "Hii mipango ni ya watu wa ofisi."

"Ukikosa kupiga mswaki siku moja, unang'oa meno?" Mbeke aliuliza.

"Hapana."

"Unafanya nini?"

"Ninapiga mswaki kesho."

"Basi ni hivyo tu. Mkebe wa Jumatano peleka Jumamosi. Wa Alhamisi ugawe kidogo kidogo kwa siku za wiki ijayo. Usijaribu kufanya yote kesho, utachoka na utachukia hii kazi. Kesho fanya mkebe wa kesho."

Mama Lemein akaitikia kwa kichwa. "Hiyo naweza. Lakini wageni? Mimi siwezi kufungia mtu mlango. Hili ni boma la Koko. Watu watasema nini?"

Wote tukamgeukia Koko. Ninawaambia ukweli, niliogopa. Koko ni mtu wa zamani, na kwake mgeni ni mgeni. Alijiweka sawa kwenye kiti.

"Nikiwa msichana, tulipeleka ng'ombe kisimani kwa zamu," alisema. "Zamu ya watu wetu ikifika, mlinywesha mpaka ng'ombe wa mwisho. Mgeni akitukuta hapo, alisalimia, akakaa kando, akangoja. Nani aliacha ng'ombe na kiu ati apige hadithi? Na mgeni hakukasirika, kwa sababu hata yeye alikuwa na ng'ombe."

Akamnyooshea kidole mke wa mwanawe. "Shanga zako ndizo ng'ombe zako. Asubuhi ni zamu yao. Hao wageni niachie mimi. Si pia mimi ninajua kuongea?"

"Na chai, Koko?"

"Pika asubuhi, jaza ile thamosi kubwa. Na hiyo simu yako lete hapa."

Kuanzia siku hiyo Mama Lemein alishona kwenye chumba cha ndani, karibu na dirisha. Koko alikaa mlangoni na thamosi na simu. Mgeni alisalimiwa, akanyweshwa chai, akapigiwa hadithi za zamani. Aliyemtaka Mama Lemein mwenyewe aliambiwa arudi mchana. Simu ikilia, Koko aliipokea akasema, "Anafanya kazi, piga mchana," na kukata bila kwaheri. Alimkatia hata Kisemei, mwanawe mwenyewe, akiwa machimboni anaulizia chakula. Kisemei alilalamika kwa siku mbili tatu. Baadaye akazoea, na asubuhi akawa anawapeleka watoto barabarani kabla ya kwenda kazini, ili mke wake aanze mapema.

Watu wa mtaa nao walizoea haraka kuliko tulivyodhani. Wengine walisema hata ni vizuri, kwa sababu ukija mchana unampata Mama Lemein ametulia, anakusikiliza kwa masikio yote mawili. Zamani alikuwa anakupa chai huku anaangalia shanga.

Sitasema kila wiki ilikuwa nzuri. Kuna asubuhi alianza amechelewa, na kuna mkebe mmoja ulikaa siku tatu bila kuisha kwa sababu rangi ya samawati ilikosekana dukani. Lakini wiki nyingi, Ijumaa ikifika, mikebe mitano ilikuwa mitupu. Mama Lemein alikuwa analala mapema. Hata uso wake ulirudi kuwa ule ninaoujua.

Mwezi wa Novemba Lemein aliugua. Homa ilipanda na mama yake akakaa naye hospitalini siku mbili. Nilienda kuwaona. Nilitaka kuulizia ushanga, lakini nikaulizia homa ya mtoto. Ni yeye alisema.

"Naipanoi, usiwe na wasiwasi. Iko mikebe miwili imebaki nyuma. Mmoja utaingia Jumamosi hii, mwingine Jumamosi ijayo. Bado tutafika."

Alisema hivyo akiwa ameshika mkono wa mtoto, na sauti yake ilikuwa imetulia. Zamani angekuwa analia. Nilitoka pale nikiamini, na sikuwa nimeamini tangu mwanzo.

Wiki moja kabla ya harusi, Mama Lemein alikuja kwetu na Koko na Mbeke. Alifungua shuka mezani. Ushanga wa Resian ulikuwa mzima, mpana, kila rangi mahali pake. Resian aliuvaa akazunguka nyumba yote. Mama yetu alishika mikono ya Mama Lemein akambariki. Mimi nilifungua mdomo niseme asante, lakini Mama Lemein akaniinulia mkono.

"Ngoja," alisema. "Bado moja."

Akatoa kifurushi kingine kidogo cha gazeti, akaniwekea mapajani. Nilifungua. Ulikuwa ushanga mwekundu na mweupe. Upande mmoja niliujua. Niliuona asubuhi ya harusi yangu, na rangi zake sijawahi kuzisahau. Ule upande mwingine, uliokuwa waya mtupu, ulikuwa umejaa.

"Jumamosi nyingi mkebe ulikuwa mtupu," Mama Lemein alisema. "Nilikuwa na deni lako moyoni. Nikaona niutumie kwa hilo."

Koko ndiye alisimama akanifunga ule ushanga shingoni. Haukuteleza. Ulinikaa sawasawa, vile nilipimwa nikiwa mchumba. Nililia tena, na Mbeke akalia, na mimi na mdomo wangu wote nikasema neno moja tu la kwetu, "Ashe." Asante. Nilimwambia Mama Lemein, nikamwambia Mbeke, nikamwambia Koko, na hata sasa ninawaambia.

Siku hizi wateja wamerudi, hata wale waliokuwa wameenda Kiserian. Mama Lemein akichukua kazi hutaja siku ambayo anaiweza, na siku hiyo ikifika kazi iko tayari. Mlango wake bado uko wazi. Pazia amenunua jipya, na halina tundu.

Picha ya harusi ya Resian iko ukutani kwetu. Tumesimama pamoja, mimi na yeye, kila mmoja na ushanga wake. Mikono yangu yote miwili iko chini. Wageni wakiiangalia huuliza bibi harusi ni yupi, na Resian hukasirika sana.