Tembe Iliyojifunza Wakati wa Ramadhani

Alasiri ya mwisho ya Shaabani, tembe ilifunguka tumboni mwa Bi Mwanakombo dakika nne baada ya kumezwa. Kwenye skrini ya maabara binti yake, Mhandisi Mishi, akaviona vijiroboti mia sita vikijishikiza kwenye ukuta wa tumbo. Kwa siku thelathini vingejifunza saa ambazo mwili unakula na saa ambazo hauli, kisha vingejifunga katika ratiba hiyo na kuzima kila njaa, na kukataa kila chakula, nje ya saa hizo. Kule kujifunga Mishi alikubuni makusudi, maana aliwajua wanadamu mbele ya sinia la vitumbua.

Hiyo ilikuwa Tanga ya mwaka 2094. Roboti zilifagia mpaka nyua za misikiti, lakini watu wazima walikuwa bado wanahangaika na vitambi. Tembe iliandikishwa kama kirutubisho, si dawa, kwa hiyo majaribio ya mwezi mmoja yalitosha. Mishi akachagua Ramadhani, kwa kuwa mwezi huo watu wa kujitolea hawatafutwi kwa tochi. Uzito ukashuka, wafadhili wakafurahi. Maabara nzima ilikuwa imefunga saumu, na hakuna aliyejiuliza vijiroboti vilikuwa vinajifunza nini.

Siku ya Idi vikajifunga. Bi Mwanakombo alikula vijiko viwili vya biriani adhuhuri, akatapika. Keshoye hivyo hivyo. Wenzake vijana katika majaribio walizoea kula usiku tu. Yeye alikuwa na miaka sabini na miwili, na chakula cha usiku peke yake hakikumtosha. Kufikia Mfunguo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, kilo themanini na moja zilikuwa zimebaki hamsini.

Mishi alijaribu kuvifundisha upya vijiroboti vyake. Somo jipya lilitaka siku thelathini za kula mchana, na mchana tumbo lilikataa hata uji. Ikabaki kupasuliwa ili vibanduliwe. Daktari hakumung'unya maneno: moyo wa mama huenda usihimili.

Asubuhi ya upasuaji Mishi alikaa kitandani kwa mama yake, akakiri yote, haraka yake na tamaa yake ya kusifiwa. Mwishowe akauliza jambo ambalo alipaswa kuliuliza kabla ya yote.

"Mama, kwani ulitaka kupungua?"

"Mimi? Sikuwa na shida na mwili wangu, mwanangu. Babaako amekufa akiusifu."

"Sasa ulimezea nini?"



"Uliniletea mwenyewe, na maji ya kumezea. Nikaona, mtoto huyu ananionea haya mbele ya wenzake. Nikameza."

Mishi alitaka kukana, na angekuwa anasema uongo. Kitanda kikaanza kwenda chenyewe kuelekea chumba cha upasuaji. Akainuka, akatembea kando yake, ameushika mkono ule mwembamba, mpaka mlango ukafungwa kati yao.